Kaya ya Katikati Ndiyo ya Kuhesabiwa

Dira ya Burundi 2025, iliyotolewa mwaka 2011, ilibeba ahadi ambayo hata asiye mchumi aliweza kuishika: pato la kila Mrundi, lililokuwa dola 137 mwaka 2008, lingepanda hadi dola 720 ifikapo mwaka 2025. Mwaka huo umefika na kupita. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, pato hilo lilikuwa karibu dola 200 mwaka 2023. Mjadala mwingi huishia hapo, kwamba ahadi haikutimia, kisha watu wanageukia dira mpya, ile ya Burundi kuwa nchi inayoibukia mwaka 2040 na nchi iliyoendelea mwaka 2060. Lakini liko jambo kubwa kuliko ahadi iliyovunjika. Hata kama dola 720 zingefikiwa, tusingejua kama familia inayolima maharagwe, mihogo na kahawa kwenye milima ya Gishubi, kusini mwa Gitega, inaishi vizuri kuliko ilivyoishi mwaka 2008. Kipimo kilichochaguliwa hakikuwa na uwezo wa kujibu swali hilo. Kinachoweza kulijibu ni hali ya kaya ya katikati, nacho kina sharti moja gumu: kipimwe kwa namna ileile kila mara, kwa miaka mingi, uzi usikatike.

Tuanze na udhaifu wa pato la kila mtu. Hesabu yake ni kuchukua thamani ya yote yaliyozalishwa nchini na kuigawa kwa idadi ya watu. Juu ya mstari wa kugawia kuna kiwanda cha bia, benki, kampuni za simu, migodi na mishahara ya serikali, vyote vimechanganywa na debe la viazi vitamu la mkulima. Chini ya mstari kuna idadi ya watu ambayo yenyewe imekuwa ya kukisia kwa muda mrefu. Sensa ya 2008 iliwahesabu Warundi milioni 8.05. Sensa iliyofuata ilifanyika mwaka 2024, miaka 16 baadaye, na matokeo yake ya awali yakaonyesha watu milioni 12.3, wakati makadirio ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamekwisha kuvuka milioni 13. Ukibadilisha idadi moja kwa nyingine, pato la kila mtu linapanda kwa karibu sehemu moja ya kumi, na hakuna aliyevuna kilo moja zaidi ya jana. Kipimo kinachoweza kuruka hivyo kwa sababu ya kalamu ya ofisini hakifai kuwa ushahidi pekee wa maisha ya mkulima.

Hata idadi ya watu ikiwa sahihi kabisa, wastani wa kawaida unaficha mambo. Tuseme kilima kimoja kina kaya tano. Nne kati yake zinatumia vitu vya thamani ya faranga laki moja kwa mwezi kila moja, na ya tano, ya mfanyabiashara wa kahawa, inatumia milioni moja na laki sita. Wastani ni laki nne, kiasi ambacho hakuna kaya hata moja inayokifahamu. Mfanyabiashara akiongeza milioni nyingine, wastani utapanda hadi laki sita, na taarifa itasema kilima kimestawi. Sasa zipange kaya hizohizo kuanzia maskini hadi tajiri, uitazame iliyosimama katikati: ni laki moja, kabla na baada. Wanatakwimu huita thamani hiyo mediani. Haiyumbishwi na mtu mmoja aliyepaa, na ili ipande ni lazima kaya nyingi za kawaida zipande. Ndiyo maana nchi zenye takwimu za muda mrefu huitumia mediani zinapotaka kujua hali ya wananchi, na hulitumia pato la taifa zinapotaka kujua ukubwa wa uchumi. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Hapo panazuka pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mkulima wa Gishubi hana mshahara. Utampimaje kipato mtu anayekula alicholima, anayekunywa urwarwa wa ndizi zake, na anayeshika pesa taslimu mara chache tu kwa mwaka? Pingamizi hili ni la kweli kwa nchi ambayo takriban kaya tisa kati ya kumi zinategemea kilimo. Ukimuuliza Oktoba au Novemba, mbegu za msimu wa A, ule wa kwanza wa kilimo, zimeshaingia ardhini, akiba imepungua, na jibu lake litakuwa la unyonge. Ukimuuliza baada ya mavuno ya msimu wa pili, wa B, au baada ya kupeleka kahawa kwenye kituo cha kuoshea, atakuwa mtu mwingine kabisa. Kahawa yenyewe ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, hivyo utafiti uliofanyika mwaka wa neema na mwingine uliofanyika mwaka wa kupumzika vinaweza kuonyesha umaskini uliozidi, kumbe ni miti tu imechoka. Lakini pingamizi hili halivunji hoja ya kaya ya katikati. Linatuelekeza tupime nini. Badala ya kuuliza umepata kiasi gani, watafiti wa nchi zetu huuliza umetumia nini: mlikula maharagwe kiasi gani wiki hii, yalitoka shambani au sokoni, mlilipa nini shuleni, kliniki, kwa fundi. Chakula cha shambani hupewa bei ya soko la karibu na kujumlishwa. Kipato hupanda na kushuka kwa misimu, matumizi hubadilika polepole zaidi kwa kuwa familia huweka akiba, hukopa na kusaidiana. Kwa hiyo panaposemwa kipato cha kaya ya katikati nchini Burundi, kinachopimika kwa uaminifu ni matumizi ya kaya ya katikati, yaliyokusanywa katika misimu yote ya mwaka.

Kazi hiyo haijapuuzwa. Taasisi ya takwimu iliyojulikana kwa miaka mingi kama ISTEEBU, ambayo leo ni INSBU, ilifanya utafiti mkubwa wa kaya mwaka 1998 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwingine 2006, kisha 2013/14 na 2019/20. Namba iliyotoka mbele ya magazeti kila mara ni kiwango cha umaskini. Kwa mstari wa umaskini wa taifa, takriban Warundi 65 kati ya 100 walikuwa maskini mwaka 2013/14. Mwaka 2019/20 walikuwa 51 na ushee. Ndani ya namba hizi mbili kuna habari ambayo haikupewa uzito. Ikiwa watu 65 kati ya 100 wako chini ya mstari, basi mtu wa katikati naye yuko chini yake, tena kwa mbali. Ikiwa ni 51, mtu wa katikati amesimama karibu juu ya mstari wenyewe. Yaani ndani ya miaka sita, kwa mujibu wa takwimu hizo, Mrundi wa kawaida alipanda kutoka shimoni hadi ukingoni, katika kipindi kilichojumuisha mgogoro wa 2015, wakimbizi waliovuka kuingia Tanzania, na kusimamishwa kwa misaada mingi ya nje. Hilo ama ni jambo kubwa la kujifunza, ama sehemu yake imetokana na namna ya kupima. Huwezi kujua bila kuchunguza kama maswali, bei na mstari vilikuwa vilevile.

Kwamba namna ya kuuliza inaweza kuunda jibu, hilo limethibitishwa jirani. Mwaka 2007 na 2008 nchini Tanzania, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walizigawa kaya karibu 4,000 katika makundi 8 kwa bahati nasibu. Kila kundi liliulizwa matumizi yake kwa mbinu tofauti: wengine waliandika daftari kila siku, wengine walikumbuka wiki moja, wengine wiki mbili, wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine orodha fupi. Watu walikuwa wa wilaya zilezile, wakati uleule. Majibu yalitofautiana kiasi kwamba kiwango cha umaskini kingeweza kuonekana kimebadilika sana kwa kubadilisha fomu pekee. Hata Marekani, penye ofisi kubwa ya sensa na bajeti isiyolinganishwa na yetu, maswali ya kipato yaliporekebishwa mwaka 2014, kipato cha kaya ya katikati cha mwaka mmoja, 2013, kilitoka mara mbili: karibu dola 51,900 kwa maswali ya zamani, karibu dola 53,600 kwa maswali mapya. Walichofanya Wamarekani ndicho cha kuiga. Mwaka huo walitumia fomu zote mbili kwa wakati mmoja, kila moja kwa sehemu ya sampuli, na kuchapisha namba zote mbili ili msomaji wa baadaye ajue pengo la fomu ni kiasi gani. Uzi uliunganishwa hadharani.

Bei ni mtego mwingine, na kwa Burundi ya leo ndio mkubwa kuliko yote. Mwaka 2023 mfumuko wa bei ulifikia takriban asilimia 27. Kaya iliyotumia laki moja mwaka uliotangulia ilihitaji laki moja na elfu ishirini na saba ili ibaki palepale. Ukiandika matumizi ya faranga bila kuondoa kupanda kwa bei, utaonyesha ustawi mahali penye njaa. Ukikimbilia dola kutafuta utulivu, unakutana na shida ya upande wa pili. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikaruka kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Kwa hesabu ya dola, kila kaya nchini ilipoteza karibu robo ya kipato chake, ilhali maharagwe yaliyokuwa ghalani Gishubi jioni hiyo yalikuwa yaleyale ya asubuhi. Bado hatujagusa soko la pembeni, ambako dola imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei rasmi. Kwa hiyo kipimo cha maisha ya ndani hakipaswi kupita kwenye dola kabisa. Kinapaswa kupita kwenye bei ambazo kaya yenyewe inazilipa, na bei hizo zikusanywe sokoni Gitega, Muyinga na Gishubi, kwa sababu kikapu cha mwananchi wa Bujumbura kina mafuta ya gari, kodi ya nyumba na umeme, na cha mkulima kina chumvi, sabuni, jembe na mihogo. Rwanda imeshatuonyesha uzito wa jambo hili. Utafiti wake wa 2013/14 ulionyesha umaskini umeshuka hadi asilimia 39.1 kutoka 44.9 miaka mitatu nyuma, na ubishi uliofuata miongoni mwa wachumi, ambao uliendelea kwa miaka, ulihusu zaidi namna mstari wa umaskini ulivyosasishwa kwa bei. Hakuna aliyebishana kuhusu kaya ngapi zilitembelewa. Walibishana kuhusu bei.

Nasema wazi kwamba katika haya yote, ninaloliona limesahaulika zaidi ni kaya yenyewe. Tunasema kaya ya katikati kana kwamba kaya ni jiwe. Kwenye milima ya Burundi, ambako shamba la kawaida ni karibu nusu hekta, kijana akioa hukatiwa kipande na kujenga pembeni mwa wazazi. Kaya moja ya watu saba inakuwa kaya mbili, ya watano na ya wawili. Hakuna aliyepoteza hata punje, lakini matumizi kwa kila kaya yameshuka, na mediani ikipimwa kwa kaya itashuka pia. Dawa yake inajulikana: pima matumizi kwa kila mtu ndani ya kaya, au kwa mizani inayozingatia kwamba mtoto mchanga hali kama mtu mzima, kisha mizani hiyo isibadilishwe katikati ya safari. Kisha kuna walioondoka. Watafiti waliorudi mwaka 2007 kwa kaya za vijijini zilizohojiwa 1998, wakazifuata pia zilizogawanyika, walikuta kwamba pale ambapo vita viliua au kujeruhi watu 25 kijijini, ukuaji wa matumizi ulipungua kwa asilimia 13. Philip Verwimp na Tom Bundervoet, waliochambua matokeo hayo, waliweza kuliona hilo kwa sababu waliwafuata watu walewale. Utafiti wa kawaida, unaochagua kaya mpya kila mara, usingeona kitu: mlima uliopoteza watu wake ungeonekana tu kama mlima wenye watu wachache.

Ng'ambo ya mpaka wa Muyinga, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kuna mfano mzuri zaidi. Kaya 915 zilizohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitafutwa tena 2004 na 2010, pamoja na kila mtu aliyekuwa ameondoka, awe Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Ilionekana kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 nzima za asilimia juu ya ukuaji wa matumizi wa waliobaki, ndani ya miaka 13. Angalia maana yake kwa Gishubi. Ikiwa vijana wenye nguvu wanaondoka kwenda Bujumbura, Kigoma au Nairobi na kufanikiwa, mediani ya Gishubi inaweza kukaa palepale miaka 20, huku watu waliozaliwa Gishubi wamepiga hatua. Mediani ya mahali na mediani ya watu wa mahali hapo ni vitu viwili, na serikali inahitaji vyote viwili kabla ya kuamua kama ipeleke mbolea, barabara au shule ya ufundi.

Wapo watakaosema kwamba kuitukuza kaya ya katikati ni kuwasahau walio chini kabisa: mjane asiye na shamba, familia ya Kibatwa, aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na kukuta ardhi yake ina mwenyewe. Wako sahihi kwamba mediani peke yake haiwaoni. Inaweza kupanda huku sehemu ya kumi ya chini ikizama. Lakini zana ni ileile. Ukishazipanga kaya zote kwa mstari, kumtaja aliyesimama wa kumi kati ya mia kutoka chini na wa kumi kati ya mia kutoka juu hakugharimu lolote zaidi. Namba hizo tatu zikichapishwa pamoja, pengo linaonekana kwa jicho. Asilimia ya umaskini peke yake haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa inajua tu nani yuko chini ya mstari, haijui yuko chini kwa kiasi gani. Wengine watasema watu hawasemi kweli wanapoulizwa mali zao. Ni kweli, wengi hupunguza wakihofia kodi, wengine wakitumaini msaada. Kama tabia hiyo ni ileile mwaka hata mwaka, kiwango kitakuwa na kasoro lakini mwelekeo utabaki kuwa wa kuaminika, na hiyo ni sababu nyingine ya kutobadilisha fomu ovyo.

Uzi huu sasa uko hatarini kukatika kwa sababu ambayo haihusiani na takwimu hata kidogo. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na mgawanyo huo ukaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2025. Mkoa wa Gitega wa leo umemeza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga haipo tena kama mkoa. Ni komini ndani ya Buhumuza, pamoja na maeneo yaliyokuwa mikoa ya Cankuzo na Ruyigi. Gishubi imebaki na jina lake, lakini eneo linaloitwa hivyo ni kubwa kuliko komini ya zamani. Hatari iko kwenye majina yaliyobaki. Atakayechukua kitabu cha 2013/14 na kusoma mstari wa Gitega, kisha akachukua kitabu cha utafiti ujao na kusoma mstari wa Gitega, atakuwa amelinganisha nchi mbili zenye jina moja. Namba ikipanda, mwanasiasa atajisifu. Ikishuka, mpinzani atalaumu. Na huenda kilichotokea ni kwamba mpaka umehamishwa.

Si lazima iwe hivyo. Kila kaya iliyohojiwa tangu 2013/14 imeandikwa ndani ya mafaili kwa eneo lake la kuhesabia, na maeneo hayo yanaweza kupangwa upya kwenye mikoa 5 ya sasa. INSBU inaweza kutoa tena matokeo ya zamani kwa mipaka mipya, mediani na ncha zake mbili, kabla utafiti ujao haujaingia uwanjani. Kwa ngazi ya komini, sampuli za tafiti hizo ni ndogo mno, na kuzilazimisha ziseme jambo kuhusu Gishubi pekee itakuwa kudanganya. Lakini sensa ya 2024 ilifika kila kaya, ikauliza kuhusu nyumba, elimu na kazi. Tangu Chris Elbers, Jean Lanjouw na Peter Lanjouw waeleze mwaka 2003 mbinu ya kuunganisha sensa na tafiti za kaya, Kenya na Tanzania zimeitumia kutengeneza ramani za umaskini za maeneo madogo kuliko mkoa. Burundi ina malighafi zote mbili. Makisio ya aina hiyo yatakuja na ukingo wa makosa, na ukingo huo uandikwe kando ya kila namba, kwa herufi zilezile za ukubwa uleule.